Deni la Rehema

Katika mambo ambayo wanadamu wamekubaliana kuyasifu, wawe wa dini hii au ile, wa bara au wa pwani, sijui kama liko lililosifiwa kwa kauli moja kuliko kumtibu mgonjwa asiye na kitu. Na katika mambo ambayo kila mtu hupenda yabebwe na mwenziwe, sijui kama liko linalokimbiwa kwa haraka kuliko gharama ya matibabu ya mgonjwa huyo huyo. Baina ya sifa ile na gharama hii ndipo iliposimama hospitali ya kijijini, na kwa muda mrefu ilisimama kwa nguvu za watu waliokuwa mbali nayo. Leo watu hao wanaondoa mikono yao mmoja mmoja, kwa sababu ambazo nyingine ni halali na nyingine ni za aibu, na hospitali yatakiwa ijitegemee au ifungwe. Hapo linazaliwa swali ambalo nataka kulitazama kwa utulivu, maana ni swali la dini kabla halijawa swali la hesabu: nyumba iliyojengwa kwa nia ya rehema, inapolazimika kutoza ada ili isife, je, imebaki nyumba ya rehema, au imegeuka duka lenye msalaba juu ya paa?

Swali hili halikubuniwa na watu wenye wasaa wa kubishana barazani. Linaulizwa kila mwisho wa mwezi huko Haydom, katika nyanda za Mbulu, ambako Walutheri wa Norwei walifungua hospitali mwaka 1955. Linaulizwa Ndanda, ambako watawa wa Mtakatifu Benedikto walifika mwaka 1906, baada ya vita vya Maji Maji kuteketeza misheni zao za Lukuledi na Nyangao. Na linaulizwa Peramiho, na Muheza, na katika hospitali nyingine nyingi za kanisa ambazo majina yake hayafahamiki nje ya wilaya zake. Hizi hazikuwa pambo la kando katika Tanzania. Ziko wilaya ambazo kwa miongo mingi hazikuwa na hospitali nyingine yoyote, na serikali yenyewe, ilipopiga marufuku utabibu wa kibiashara kwa sheria ya mwaka 1977, iliziacha hizi ziendelee kwa kuwa hazikutafuta faida. Na baadhi yake ikazitwika kazi ya hospitali ya wilaya, zikaitwa hospitali teule, zikapewa ruzuku na watumishi wa kuazimwa. Mzee wa Kibondei aliyefunga Ramadhani zote za umri wake alipelekwa Muheza kwa Waanglikana akapasuliwa ngiri, akalala wodini wiki nzima na tasbihi yake mkononi, na hakuna aliyemwuliza ni wa dini gani kabla ya kumpa dawa.

Wakristo wanapoeleza asili ya nyumba hizi hutaja kisa cha Msamaria mwema, nao wana haki ya kukitaja. Lakini wengi hukisoma nusu. Humtazama yule msafiri aliyeshuka juu ya mnyama wake, akaviosha vidonda vya majeruhi kwa mafuta na divai, akavifunga, akampakia, na hapo macho yao hutosheka. Walakini kisa chenyewe hakikuishia njiani. Msamaria alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akamwuguza usiku ule, na siku ya pili akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, akamwagiza amtunze, akaahidi ya kuwa chochote kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Huyu mwenye nyumba hasifiwi na mtu. Hana jina, hana kabila, wala sijasikia mahubiri yanayomhusu. Ila kazi yote ya uuguzi iliyosalia, ya kulisha na kugeuza na kukesha, ilibaki mikononi mwake, na aliifanya kwa amana tupu, kwa kuwa dinari mbili zilikuwa na mwisho unaojulikana na majeraha hayakuwa na tarehe ya kupona.

Nionavyo mimi, hospitali ya kijijini si Msamaria. Ni yule mwenye nyumba ya wageni, na dhana nyingi potofu juu yake zimetokana na kuwachanganya watu hawa wawili. Tunaidai hospitali huruma ya msafiri na mfuko wa msafiri, hali yeye ni mtu aliyeketi mahali pamoja, mwenye moto wa kukoka na kuni za kununua, na mgonjwa mwingine analetwa kabla wa kwanza hajaondoka. Katika kisa kile gharama ilikuwapo, ikatajwa kwa hesabu ya dinari, ikalipwa, na hakuna mwalimu yeyote wa dini aliyemwita mwenye nyumba mnafiki kwa kuipokea. Jambo ambalo kisa hakikuliruhusu ni kwamba karatasi ya deni ipelekwe kwa yule aliyenyang'anywa nguo zake akaachwa nusu hai. Rehema haikuifuta gharama. Iliihamisha, ikaitoa juu ya aliyenyang'anywa ikaiweka juu ya aliyekuwa na kitu. Basi swali la kuwa hospitali itoze au isitoze limewekwa vibaya tangu mwanzo. Swali lililo sawa ni hili: gharama ile, ambayo kwa hakika ipo na haina budi kulipwa na mtu, imewekwa juu ya bega la nani?

Na msiba wa hospitali zetu ni kwamba Msamaria amechelewa kurudi.

Zamani alikuwa akirudi. Alirudi kwa jina la majimbo ya Ujerumani, na la misheni ya Norwei, na la parokia za Uingereza zilizokusanya vijisenti vyao kila Jumapili. Alirudi na daktari aliyelipwa na kwao, na masanduku ya dawa, na mashine ya eksirei. Miaka ikapita, makanisa ya Ulaya yakapungukiwa na waumini, na wale masista waliokuwa wauguzi na wahasibu na watunza ghala kwa wakati mmoja wakazeeka, wengine wakarudi kwao na wengine wakazikwa katika makaburi ya misheni. Hapo ikafichuka gharama ambayo haikupata kuandikwa katika daftari lolote, kwa sababu mtawa hakulipwa mshahara: kila sista aliyeondoka nafasi yake ikajazwa na watu wawili au watatu, raia wema wenye watoto wa kusomesha, ambao ni haki yao kulipwa. Serikali nayo mwaka 1993 ikaanza uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, na wananchi waliokuwa wamezoea tangu Azimio la Arusha ya kuwa matibabu hayana bei, wakajifunza kupanga foleni mbele ya dirisha la malipo kabla ya foleni ya mganga. Katikati ya miaka ya 2000 mishahara ya watumishi wa afya serikalini ikapandishwa na ajira zikaongezwa, jambo ambalo watumishi wale walilistahili kabisa, na wauguzi na waganga wengi wa hospitali za kanisa wakaifuata ilikokwenda. Katika mwaka wa fedha 2018/19 serikali ikaanza kujenga hospitali 67 za halmashauri. Na ni nani mwenye akili timamu atakayelalamikia hospitali mpya? Lakini mahali pengine, ile mpya ilipofungua milango, ile ya kanisa ikaona ruzuku na watumishi wa kuazimwa wakielekezwa upande wa pili wa barabara. Mwaka 2024 bei mpya za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya zikazua mvutano mkali baina ya mfuko huo na watoa huduma wasio wa serikali. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kwa ghafla misaada yake ya nchi za nje, ile iliyokuwa ikigharimia sehemu kubwa ya huduma za wagonjwa wa UKIMWI.

Katika dhiki hiyo hospitali zimebuni njia nyingi za kuishi, na mwenye kuzidharau hajapata kuona ghala la dawa likiwa tupu. Ziko zilizofungua vyuo vya uuguzi, ili ada ya wanafunzi isaidie kulipa mishahara na mikono ya wanafunzi isaidie wodini. Ziko zilizotengeneza zenyewe maji ya dripu kwa kuwa kuyasafirisha kutoka Dar es Salaam kuligharimu kuliko kuyapika. Ziko zenye ng'ombe na mashamba ya mahindi, zenye nyumba za kupangisha, zenye mabamba ya umeme wa jua juu ya paa la chumba cha upasuaji ili jenereta isile dizeli usiku kucha. Karibu zote zimeweka karani ambaye kazi yake ni kukagua fomu za madai ya bima moja baada ya nyingine, maana fomu iliyokosa sahihi ya mganga au namba ya ugonjwa hukatwa, na dripu iliyokwisha kuingia katika mshipa wa mgonjwa hugeuka hasara ya hospitali kwa sababu ya kalamu. Na nyingi zimejenga wodi ya daraja la kwanza, yenye chumba cha mtu peke yake na choo chake ndani, ambayo mwenye uwezo huilipia kwa bei ya juu.

Juu ya wodi hiyo wacha Mungu hukunja nyuso, nami sikubaliani nao. Ikiwa mfanyabiashara wa mji wa wilaya hutaka kitanda kipana na dirisha lenye pazia, na fedha anayoitoa hununua dawa za mtoto wa mkulima aliyelazwa wodi ya pili, basi gharama imehamishwa kama ilivyohamishwa katika kisa, kutoka kwa asiye nacho kwenda kwa mwenye nacho, na hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma huanza mahali pengine: saa nane ya usiku, mganga akiwa mmoja na wagonjwa wawili wamezidiwa, akienda kwanza kwenye chumba chenye pazia kwa sababu ni chumba chenye pazia. Chumba kinaweza kuuzwa; zamu ya tabibu haiuzwi. Hospitali yoyote inayoweza kuulinda mpaka huo, na iweke zulia la Uajemi katika daraja lake la kwanza kama itapata mnunuzi.

Lakini yapo mambo ambayo mpaka wake hauonekani kwa urahisi namna hiyo, na zito kuliko yote ni kadhia ya msamaha. Kanuni za nchi zimewasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wenye maradhi fulani ya kudumu, wazee na wengineo wasiojiweza. Na kwa hawa wa mwisho ni sharti mtu athibitishe ya kuwa hajiwezi. Nilipata kuketi katika chumba cha afisa ustawi wa jamii wa hospitali moja ya kusini, ambayo haina haja ya kutajwa, alipoingia mzee aliyekuwa na mjukuu wake wodini, kijana aliyeanguka juu ya mwembe akavunjika paja. Afisa alikuwa binti mpole, mwenye fomu mbele yake na foleni nje ya mlango.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyumba yako, babu, umeezeka kwa makuti au kwa bati?"

"Kwa bati, mwanangu."

"Na mikorosho unayo?"

"Ninayo, alhamdulillahi."

Binti akaandika ya kuwa ana uwezo, na mzee akashukuru akatoka na karatasi ya deni. Nje, chini ya mti, mkewe ndiye aliyesema lile ambalo yeye hakulisema: bati lilinunuliwa zamani, katika msimu mmoja wa bei nzuri, na korosho za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, zingali maua, ili kijana akodiwe gari la kumleta hospitali. Mzee hakusema uongo hata kwa neno moja. Aliulizwa kama anayo mikorosho, naye anayo; na muruwa wake haukumruhusu kujiita fukara mbele ya mtoto wa kumzaa, katika chumba ambacho mlango wake ulikuwa wazi.

Kur'ani imewataja watu wa namna hii katika maelezo ya wanaostahili sadaka: wale ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Basi fomu inayomtaka maskini ajishuhudie umaskini wake humkosa yule hasa aliyesifiwa na Mwenyezi Mungu, na humpata kwa wepesi mwenye ulimi. Simlaumu yule binti. Alikuwa mtu mmoja aliyepewa kazi ya kijiji kizima. Jambo ambalo majirani wa mzee walilijua bila ya kuuliza, tangu siku ile gari lilipokodiwa, yeye alitakiwa alitambue kwa maswali mawili na kalamu. Mahali pengine ukali wa deni umefika hata kuzuiwa kwa maiti mpaka jamaa walipe, jambo ambalo serikali imelikemea zaidi ya mara moja, na ambalo haliwezi kutetewa kwa hoja ya dini yoyote niijuayo, kwa kuwa marehemu ametoka katika hesabu za wanadamu.

Atasema mtu: basi asamehewe kila aombaye na kila asiyeomba, na Mungu atajazia. Hii ni hoja ya moyo mwema, na moyo mwema ukisema hauna budi kusikilizwa. Lakini umemsahau mtu mmoja. Mgonjwa aliye mlangoni leo ana haki, na mgonjwa atakayekuja mwaka ujao, ambaye hajaugua bado na hajui kama ataugua, naye ana haki. Mwenye kugawa leo hata dawa ya kesho ametoa sadaka kwa mali ya mtu asiyekuwapo kujitetea. Na wala asidhani ya kuwa hospitali ikifungwa msiba utagawanyika sawa: mwenye gari atakwenda Dar es Salaam au Moshi, na maskini atabaki na mizizi yake.

Sheria ya wakfu iliona jambo hili zamani. Sayyidina Umar alipopata ardhi yake Khaybar akataka kuitoa kwa ajili ya Mungu, ushauri aliopewa na Mtume ulikuwa kwamba ashike shina lake, lisiuzwe wala lisirithiwe, na matunda yake ndiyo yatolewe sadaka. Kwa msingi huo Sultani Qalawun alijenga hospitali yake mjini Cairo katika mwaka 1284, akaiwekea milki ambazo mapato yake yaliwahudumia wagonjwa, matajiri kwa maskini, wanaume kwa wanawake, na ikaendelea kutibu karne nyingi baada ya ukoo wake kuondoka madarakani. Na Wakristo wa Ufaransa walifanya vivyo hivyo kule Beaune, katika hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443, ambayo mashamba yake ya mizabibu hata sasa hupigiwa mnada mazao yake kila Novemba. Watu hawa hawakuwa wabakhili. Walifahamu ya kuwa rehema isiyo na shina huwa ya msimu mmoja.

Lakini shina la hospitali ya kijijini ni lipi? Hapa ndipo ninapoona bodi nyingi zimekosea, kwa kudhani ya kuwa shina ni majengo, au ni vitanda, au ni jina la jimbo lililoandikwa langoni. Majengo yaweza kupungua na hospitali ikabaki. Nchini Marekani, ambako hospitali nyingi za mashambani zimefungwa katika miaka hii ya karibuni, kumewekwa tangu Januari 2023 utaratibu mpya: hospitali yenye vitanda visivyozidi 50 yaweza kuacha kabisa kulaza wagonjwa, ikabaki na mlango wa dharura ulio wazi usiku na mchana, na serikali ikailipa fungu maalumu kila mwezi kwa sababu tu ya kuwapo. Wako walioliona jambo hilo kuwa ni kushindwa. Mimi naliona kuwa ni watu waliouliza shina ni lipi, wakajibu: ni mtu ajuaye kazi, aliye macho saa nane ya usiku, na mlango usiofungwa. Maaskofu wetu na wadhamini wetu wasione haya iwapo hospitali ya vitanda 120 itapasa kuwa kituo cha afya chenye vitanda 30 vinavyotunzwa vema; fahari ya idadi imekwisha kuwaangamiza wengi.

Ikiwa shina ni yule aliye macho, basi yapo malipo ambayo hospitali hufanya kwa kukata shina, na haya ndiyo yanayonisumbua kuliko ada. Pale hospitali inapomsamehe mgonjwa maskini, na kwa ajili ya misamaha hiyo ikakaa miezi mitatu bila kumlipa muuguzi mshahara wake, ni nani aliyetoa sadaka? Mkurugenzi husimama mbele ya wageni akataja idadi ya waliosamehewa, na wageni humpongeza. Walakini fedha ile ilitoka katika mfuko wa mwanamke aliyekesha wodini na ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare. Hakuulizwa. Hakuweka nia. Na dini zetu zote mbili zina kauli moja katika jambo hili: sadaka haitolewi kwa mali ya mtu mwingine bila ya ridhaa yake, na ujira wa mfanyakazi hauzuiliwi. Hospitali inayojiokoa hivyo imemvua nguo mtu wa pili ili imfunike wa kwanza. Tena huyu wa pili hakai. Huandika barua ya maombi serikalini, huondoka kwa adabu bila kelele, na pamoja naye huondoka miaka kumi na mitano ya kujua mshipa wa mtoto mchanga uko wapi gizani.

Sasa nirudi kwa Msamaria, na nizungumze na watu wa kwetu, kwa kuwa ni rahisi mno kuwasema Wanorwei na Wamarekani. Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikuu cha kuhuisha elimu za dini, aliuhesabu utabibu kuwa ni katika faradhi za kifaya, yaani zile ambazo wakizisimamia baadhi, wengine husalimika, na wote wakiziacha, wote hupata dhambi; naye alisikitika ya kuwa iko miji ambayo Waislamu wake wote wanakimbilia fikihi, na tabibu wao ni mtu wa dini nyingine. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, nasi Waislamu wa Tanga na Lindi na Mtwara tumeishi ndani yake kana kwamba ni hadithi ya watu wengine. Tumezaliwa katika wodi za misheni, wake zetu wamejifungulia humo, tumewatoa humo wazee wetu wakiwa hai, na tumeiachia parokia ya Bavaria itulipie faradhi yetu. Misikiti tumeijenga kwa mikono yetu, na Mungu atulipe kwa hiyo. Lakini mtu akiuliza ni kitanda gani katika hospitali ya wilaya kilicholipiwa na kijiji chake, wengi wetu tutatazama chini.

Bima nayo, ikitazamwa vizuri, ni Msamaria aliyelipa kabla ya safari. Mfuko wa afya ya jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukaenea nchini kwa sheria ya mwaka 2001, na ulipoboreshwa kaya ya watu sita katika mikoa mingi iliwekewa shilingi 30,000 kwa mwaka. Fikra ilikuwa njema, na kilichoidhoofisha kinafahamika: jambo likiwa la hiari, mwenye afya husema atajiunga mwakani, anayejiunga leo ni yule aliyekwisha kuumwa, na mfuko uliojaa wagonjwa peke yao hufilisika. Ndipo Bunge likapitisha mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote, yenye sharti la kujiunga na yenye njia ya kuwagharimia wasiojiweza. Wapo wacha Mungu wanaonung'unika ya kuwa wema wa kulazimishwa si wema. Hao na wakumbuke zaka. Zaka haingojei tajiri apate huruma. Ina kiwango chake na wakati wake, na hakuna aliyethubutu kusema ya kuwa si ibada. Faradhi haiuui wema. Huuwekea kiwango cha chini, na juu ya kiwango hicho kila mtu ana uhuru wa kuongeza kwa kadiri ya moyo wake.

Hata hivyo sheria hutekelezwa polepole, na hospitali hulipa mishahara kila mwezi. Kwa hiyo ninalo ombi ambalo halingoji Dodoma. Katika kila hospitali ya namna hii kuna daftari la misamaha na madeni yasiyolipika, na jumla yake hufungiwa kabatini, kisha mwisho wa mwaka huandikwa katika ripoti ya Kiingereza na kupelekwa kwa wafadhili wa ng'ambo. Jumla hiyo na isomwe kwa Kiswahili kila baada ya miezi mitatu, kanisani Jumapili, msikitini Ijumaa, na katika mkutano wa kijiji, bila kutaja jina la mgonjwa hata mmoja: wagonjwa wangapi walitibiwa wasiweze kulipa, shilingi ngapi, na watumishi wanadai miezi mingapi. Wazee wa kila kijiji wapewe haki ya kumshuhudia jirani yao asiyeweza kujishuhudia, kwa barua iliyofungwa, ili asiulizwe habari za bati lake mlango ukiwa wazi. Na huko kusini, mnada wa korosho unapofunguliwa mwezi wa Oktoba, makato ya kila kilo yakijadiliwa katika mkutano wa chama cha msingi, kama yanavyojadiliwa kila mwaka kwa mambo mengine, imamu na paroko waingie mkutanoni pamoja, wakae kiti kwa kiti, waombe shilingi kadhaa katika kila kilo ziandikwe kwa jina la hospitali, na za kwanza kutolewa ziwe za mishahara ya wauguzi iliyolala.